Gesi ipo lakini haiwaki? Shida inaweza kuwa kwenye ndoo ya maji

Wafugaji wenye mitambo ya biogesi wanatuuliza sana hili swali: mbona gesi ipo, presha ipo, lakini ukisogeza kiberiti jikoni kinazimika tu? Wengine wameshabadilisha mpira wa gesi, wamebadilisha jiko, wamegombana na fundi, hela imekwenda na kumbe ugonjwa uko kwenye tope.

Mle ndani kuna makundi ya vijidudu na hayazaliani kwa spidi moja. La kwanza linavunjavunja kinyesi na kutoa asidi na kaboni dayoksaidi, hawa ndani ya masaa machache wameshakuwa mara mbili. La mwisho ndo linatengeneza methani, yaani gesi yenyewe inayowaka, na hawa bwana ni wazito, kuna jamii zao zinachukua mpaka siku 9 kuwa mara mbili. (Hata bakteria siyo, ni arkea, kundi lingine kabisa la vijidudu, wanasayansi Carl Woese na George Fox ndo walioonyesha hivyo mwaka 1977.)

Sasa mtambo unaulisha kila siku, na kila unachoingiza kinasukuma kitu nje. Chukua mtambo wa tope lita 6,000, ukiweka kinyesi lita 50 na maji lita 50 tope linakaa wastani wa siku 60, hapo raha mstarehe. Lakini ukaamua maji yote ya kuoshea banda yaingie humo, jumla lita 500 kwa siku, wastani unashuka mpaka siku 12. Utasema 12 si bado ni zaidi ya 9? Hapana, tope linachanganyika, mwingine anatoka siku ileile. Kila siku inatoka asilimia 8.3 ya tope pamoja na wale wazito waliomo, na wao wanaongezeka kama asilimia 8 tu, kwa hiyo wanapungua polepole na wiki za mwanzo huoni kitu kabisa. Hesabu hii ya vijidudu kuzaliana huku wakisukumwa nje, mwanasayansi Jacques Monod aliiandika Paris mwaka 1950, na mwaka huohuo wenzake Novick na Szilard wakaifikia kivyao kule Chicago. Majumbani kinachookoa ni kwamba baadhi ya hao wazito wanatuama chini na tope zito, ndo maana ukikomba mtambo wote ukang'aa umejitafutia kazi ya kuanza upya.

Kinachoangusha mtambo haraka zaidi ni asidi. Ukishindilia mabaki ya chakula kwa wingi siku moja, wale wepesi wanatoa asidi kuliko wazito wanavyoweza kula, asidi inawadhoofisha wazito, wakidhoofika wanakula kidogo zaidi, asidi inazidi. Wazito wanapenda pH (kipimo cha uchachu, kikishuka uchachu umezidi) ya 6.8 mpaka 7.2 hivi, ikishuka chini ya 6.5 tope linanuka uchachu na gesi inayotoka ni kaboni dayoksaidi tele, ndo ile inayokuzimia kiberiti. Dawa ya kuulia vijidudu bandani ikiingia nayo inawaumiza hivyohivyo.

Ukifika hapo acha kulisha, usiongeze samadi ukidhani mtambo una njaa! Subiri siku kadhaa, omba ndoo chache za tope linalotoka kwenye mtambo wa jirani unaowaka vizuri, mimina kwako, halafu moto ukianza kurudi lisha nusu ya kipimo na upandishe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Maji ya banda yaelekeze shambani kwenye migomba.