Je, wajua kwa nini mvua ya risasi haimuui mchezaji?

Kuna video moja ya gemu ambayo nimeitazama mara nyingi mno. Msichana wa nguo nyekundu na nyeupe, utepe mkubwa kichwani, anaelea karibu na ukingo wa chini wa skrini. Juu yake adui anatandaza mikono, na mara skrini yote inajaa risasi, nyekundu kwa bluu, zimepangika duara ndani ya duara kama ua linalochanua. Ukitazama haraka huoni pa kupita. Msichana anasogea kushoto kidogo, anatulia, anasogea tena upana wa ukucha, na ua zima linampita. Yuko hai.

Gemu yenyewe ni Touhou Koumakyou, iliyotoka Japani mwaka 2002. Iliuzwa kwanza Comiket, soko kubwa la Tokyo ambako watu wanauza kazi walizozitengeneza wenyewe, bila kampuni nyuma yao. Mtengenezaji ni mtu mmoja anayejiita ZUN: yeye ndiye aliyeandika programu, akachora wahusika, akatunga muziki. Huyo msichana anaitwa Reimu Hakurei, mtunza hekalu. Aina hii ya gemu Wajapani huiita danmaku, yaani pazia la risasi, na jina hilo halikutiwa chumvi.

Swali ni moja tu: anapitaje?

Kwa miaka kadhaa nilikuwa na jibu, nikalieleza kwa watu kwa uhakika kabisa, na halikuwa sahihi. Nilisema ni wepesi wa mikono. Nilidhani wapo watu waliojaliwa macho na vidole ambavyo sisi wengine hatuna, wanaoiona risasi na kuikwepa kabla sisi hatujajua kama imefyatuliwa. Jibu hilo linavutia kwa sababu ndicho kitu unachoamini ukitazama ukiwa pembeni. Lakini lichukulie hesabu kidogo. Mtu wa kawaida akiona kitu, mkono wake unachelewa kiasi cha robo sekunde au pungufu kidogo kabla ya kuitikia. Gemu hizi huchora picha 60 kwa sekunde. Maana yake, kuanzia jicho lione hadi kidole kibonyeze, picha 12 hadi 15 zimeshapita. Kama kila risasi ingehitaji kukwepwa hivyo, moja baada ya nyingine, basi mtu mwepesi kuliko wote angekufa kwenye dakika ya kwanza sawa na mimi.

Nikahamia jibu la pili: wamekariri. Hili lina ukweli ndani yake. Hatua zinakuja kwa mpangilio uleule, adui wanatokea palepale, na mchezaji aliyerudia mara mia anajua nini kinafuata. Ila haliwezi kuwa jibu lote, kwa sababu kuna mashambulizi ambayo risasi zake zinatawanywa kwa bahati nasibu, kila mara kivyake, na wachezaji wazuri wanayapita vilevile.

Jibu la tatu sipendi kulikumbuka, lakini lilikuwa hili: video imechezewa. Nilikuwa nimeisimamisha katikati nikitafuta kosa, nikalipata. Risasi moja ya bluu ilikuwa imekaa juu kabisa ya mkono wa vazi la Reimu, lile shati lake lenye mikono mipana. Si karibu na mkono. Juu ya mkono. Nikasogeza picha moja mbele, risasi ikaingia ndani zaidi. Picha nyingine, ikatokea upande wa pili. Msichana akaendelea kuelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Nikasema basi, huu ni udanganyifu, maana risasi imempiga waziwazi na hakufa.

Haikuwa udanganyifu. Kosa lilikuwa kwamba nilimhesabu mtu asiyekuwepo. Nilidhani anayeweza kupigwa ni yule msichana mzima ninayemwona: utepe, nywele, mikono, sketi. Kwa kompyuta, huyo ni picha tu. Kinachoweza kufa ni kitone cha pikseli chache, zile nukta ndogo zinazounda picha ya skrini, katikati ya mwili wake, na risasi isipokigusa kitone hicho, haijagusa kitu.

Hapa inafaa twende polepole, maana jambo lote limekaa hapa.

Wengi tumecheza rede, au kati kama wanavyoiita Kenya. Wawili wanasimama huku na huku na mpira wa soksi, mmoja yuko katikati anakwepa. Mpira ukikugusa popote, hata ukingo wa gauni, umetoka. Sasa chukulia sheria ibadilike. Tunakubandika kifungo cha shati kifuani, na tunasema: mpira ukikigusa kifungo umetoka, ukikupiga bega, paja, kichwa, endelea. Wewe ni yuleyule, uwanja ni uleule, warushaji hawajabadilika. Lakini mchezo umekuwa mwingine kabisa. Sasa wape warushaji mipira hamsini kwa mpigo badala ya mmoja. Aliyepita njiani akiona mipira hamsini inakurukia atafumba macho. Wewe unayejua habari ya kifungo utageuza bega kidogo na kubaki ndani.

Au tazama wavu wa mvuvi. Matundu ya wavu wa changu yamepimwa kwa changu. Dagaa anapita katikati yake bila kusimama, wala hahitaji kuwa hodari; ni mdogo tu. Sisi watazamaji tunamwona changu akipita kwenye tundu la changu, tunashangaa. Kumbe anayepita ni dagaa aliyevaa picha ya changu.

Tuweke na tarakimu, za mfano tu. Tuseme picha ya mhusika ina upana wa pikseli 32 na kimo cha 48. Hizo ni pikseli 1,536 zinazoonekana. Kitone kikiwa pikseli 4 kwa 4, ni 16. Kinachoonekana ni mara 96 ya kinachouawa. Pengo la pikseli 20 kati ya risasi mbili, ambalo kwa macho halimtoshi msichana hata ubavu mmoja, kwa kitone ni lango pana lenye nafasi ya kuyumba huku na huku.

Na kompyuta haisumbuki. Katika kila picha inachukua mahali kilipo kitone na mahali ilipo risasi, inatazama umbali kati yao, na kuuliza kama umefika pale panapohesabiwa kuwa ni kugusana. Wengine hutumia kisanduku, wengine mduara. Ukiwa mduara, hesabu ni ileile ya Pythagoras tuliyofundishwa kwa pembetatu ya ubaoni: tofauti ya kulala ikizidishwa kwa yenyewe, ukaijumlisha na tofauti ya kusimama ikizidishwa kwa yenyewe. Hata kipeuo cha pili si lazima kitafutwe, unalinganisha namba zikiwa bado za mraba. Risasi 500 kwa picha 60 ni maswali 30,000 kwa sekunde, na hata kompyuta ya mezani ya mwaka 2002 inayamaliza bila kutoa jasho.

Uthibitisho ninaoupenda zaidi ni kwamba gemu yenyewe inajua kuwa kilichoguswa ni picha yako tu. Katika mfululizo huu wa gemu za Touhou, risasi ikipita karibu sana na kitone bila kukigusa, unasikia mkwaruzo mdogo na unaongezewa hesabu. Wachezaji wanaita kukwaruza. Yaani kuna maeneo mawili yasiyoonekana: la ndani linaua, la nje linalipa. Ile risasi iliyopita kwenye mkono wa vazi, ambayo niliisimamisha nikidhani nimeshika mwizi, ilikuwa inampa yule mchezaji pointi.

Kwa nini basi wasikionyeshe hicho kitone? Walichelewa, lakini walikionyesha. Katika Koumakyou hakionekani, unakadiria. Kwenye gemu iliyofuata ya mfululizo huohuo, ya mwaka 2003, ukishikilia kitufe cha kupunguza mwendo wa mhusika, kitone kinajitokeza juu ya mwili wake. Naamini kama ningeanza na hiyo ya pili, nisingepoteza miaka.

ZUN si aliyevumbua jambo hili. Lilianzia kwenye mashine za gemu zinazochezwa kwa kutumbukiza sarafu. Katika gemu nyingi za zamani za ndege za kivita, risasi zilikuwa chache, zina kasi, na ndege yako iliuawa karibu mwili mzima. Mwaka 1993 kampuni ya Toaplan ilitoa Batsugun, ambayo wengi huitaja kuwa mwanzo wa pazia la risasi, ingawa mstari wa mwanzo wa jambo kama hili hauwezi kuchorwa kwa rula. Toaplan ikafilisika mwaka 1994, baadhi ya watu wake wakaanzisha Cave, na mwaka 1997 ikatoka DoDonPachi, iliyoufanya mtindo huo ukomae. Ubadilishanaji ndio uleule: risasi ziongezwe maradufu na zaidi, lakini zipunguzwe kasi, na shabaha ndani ya ndege ifinywe.

Kasi hiyo ndogo ni nusu nyingine ya jibu. Uwanja wa kuchezea katika Touhou una kimo cha pikseli 448. Risasi inayokwenda pikseli mbili kwa kila picha itachukua picha 224 kuumaliza, karibu sekunde nne. Sekunde nne si muda wa wepesi wa mikono. Ni muda wa kutazama, kuchagua njia, na kuifuata. Zipo risasi za haraka pia, na hapo kukariri kunarudi kazini, lakini pazia lile zito linalomtisha mtazamaji kwa kawaida ndilo linalotembea taratibu.

Kuna na jambo la tatu, na hili ndilo lililonifanya nianze kucheza mwenyewe. Risasi nyingi hazitawanyiki ovyo: zinakulenga wewe. Adui anapofyatua, kompyuta inasoma kitone chako kiko wapi wakati huohuo, inaielekeza risasi huko, kisha inaiacha iende moja kwa moja. Haikufuati tena. Ni kama mpira wa rede ukishaachia mkono. Kwa hiyo adui anayemimina risasi za kulenga mfululizo anaweza kuongozwa. Unasogea pembeni polepole, kidogo kidogo bila kusimama, na mkondo wote unapita nyuma yako, kila risasi ikifika mahali ulipokuwa. Anayeanza hukimbia. Anakimbia hadi ukutani, mkondo unamfuata, na hana pengine pa kwenda.

Halafu kuna feni. Adui akifyatua risasi tatu kwa mpigo zikiwa zimepanuka kama vidole, ya katikati inakuja kwako sawasawa, ukikaa umekufa. Tano ni hivyohivyo, saba pia. Lakini akifyatua mbili, au nne, au sita, hakuna ya katikati. Mhimili wa shabaha unaangukia kwenye nafasi iliyo kati ya risasi mbili za ndani, na kwenye nafasi hiyo ndipo ulipo. Ukikaa kimya, zinakupita kushoto na kulia. Ukishtuka ukasogea, umezifuata mwenyewe. Mimi nilikufa kwenye feni za shufwa kwa wiki nzima, kila mara nikijiona nimechelewa, kumbe nilikuwa nimewahi.

Katika hatua ya pili ya Koumakyou yupo kichimbakazi wa barafu anayeitwa Cirno. Ana shambulio ambalo vipande vya barafu vinatoka ubavuni mwake, vinasogea nje, kisha vinageuka na kufunga uwanja kutoka pande zote mbili. Linatisha. Kwenye kiwango chepesi, lakini, vile vipande haviji mbele yake moja kwa moja. Ukipanda juu ukasimama mbele ya uso wake, mahali ambapo akili yote inakuambia usiende, hakuna kinachokugusa. Unampiga hadi anaisha huku barafu ikianguka nyuma yako. Kwenye kiwango cha kawaida wameongeza risasi za manjano zinazofyatuliwa mbele, na ile nafasi ikazibwa.

Nilipojua haya nikairudia ile video. Nilikata kipande kidogo cha karatasi, nikakishika mbele ya skrini kiasi cha kumfunika Reimu, nikakitoboa katikati kwa sindano, na nikawa nakisogeza kadiri anavyosogea. Utepe haukuonekana tena, wala mikono, wala sketi. Ilibaki nukta moja ikitembea taratibu ndani ya ua la risasi, na kila pande zake palikuwa na nafasi.