Mbunge asiyejulikana kuwa mgombea mwenza Marekani: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Kila baada ya miaka minne, mikutano mikuu ya vyama vya Marekani inapokaribia, huibuka jina ambalo wapiga kura wengi hawajawahi kulisikia. Mwaka 2008 lilikuwa la Chet Edwards (si John Edwards, aliyekuwa mgombea mwenza wa John Kerry mwaka 2004), Mdemokrati wa Texas aliyekaa katika Baraza la Wawakilishi tangu 1991. Spika Nancy Pelosi alimpigia debe hadharani, na jina lake likadumu kwenye orodha fupi ya Barack Obama hadi siku za mwisho, kabla ya Joe Biden kutangazwa tarehe 23 Agosti. Kuhusu uteuzi wa namna hii yapo mengi yanayorudiwa bila kupimwa. Mengine sisi wa Afrika Mashariki tunayatoa kwenye katiba zetu na kuwatwisha Wamarekani.

Dhana: Mbunge huteuliwa ili alete kura za kwao

Kwa Mkenya hii inaingia akilini mara moja. Mei 2022 William Ruto alimchukua Rigathi Gachagua, mbunge wa Mathira wa muhula wa kwanza, na hesabu ya Mlima Kenya haikuhitaji kuelezwa. Ila hesabu hiyo inasimama kwa sababu ya kanuni ya Kenya: mshindi anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote nchini, pamoja na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Kura ya ziada Nyeri ina uzito sawa na kura ya ziada Kisumu.

Marekani haiko hivyo. Majimbo yote isipokuwa Maine na Nebraska humpa mshindi wa jimbo wajumbe wote wa uchaguzi, yaani wale ambao kisheria ndio humchagua rais. Ukishindwa Texas kwa kura moja au kwa milioni moja, unaondoka na wajumbe sifuri vilevile. Texas mwaka 2008 ilikuwa na wajumbe 34, na John McCain, mpinzani wa Obama, aliichukua kwa takriban pointi 12. Edwards aliwakilisha eneo bunge moja kati ya 32 za jimbo hilo. Hata angewavuta jirani zake wote wa Waco, wajumbe 34 wasingesogea.

Rekodi inasema hivyohivyo. William Miller, mbunge kutoka Lockport, New York, alikuwa mwenza wa Barry Goldwater, mgombea urais wa Warepublican, mwaka 1964. Tiketi yao, yaani jozi ya mgombea urais na mwenza wake, iliambulia asilimia 31 hivi ya kura za New York na kupoteza kila kaunti ya jimbo hilo, pamoja na Niagara, nyumbani kwake Miller. Paul Ryan, mbunge wa Wisconsin na mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti, alikuwa na Mitt Romney mwaka 2012, na Wisconsin ikaenda kwa Obama kwa pointi karibu 7. Mfano unaotajwa sana upande wa pili ni Lyndon Johnson, mwenza wa John F. Kennedy aliyetoka Texas, mwaka 1960. Lakini Johnson alikuwa kiongozi wa walio wengi katika Seneti. Kumwita asiyejulikana ni mzaha.

Tangu Spika John Nance Garner achaguliwe pamoja na Franklin Roosevelt mwaka 1932, vyama vikubwa vimesimamisha wabunge watatu tu waliokuwa bado ndani ya Baraza la Wawakilishi: Miller, Geraldine Ferraro na Ryan. Wote watatu walishindwa. Hiyo haina maana kwamba wao ndio waliozamisha jahazi. Mara nyingi mgombea urais hujaribu jina geni kwa sababu tayari yuko nyuma na anatafuta cha kubadilisha mazungumzo.

Dhana: Asiyejulikana hana madoa

Hapa ndipo kampeni nyingi zilipoumia. Mtu aliyewahi kugombea urais ameshasuguliwa na waandishi wa habari kwa miezi. Yaliyokuwa yatoke yametoka. Mbunge wa viti vya nyuma hajawahi kuchimbwa na mtu yeyote zaidi ya gazeti la kwao. Madoa yake yapo, ila hayajaonwa.

Upekuzi wenyewe huenda kwa hatua. Kwanza wanasheria wa kampeni hutengeneza orodha ndefu na kuisoma kwa kutumia kumbukumbu za umma pekee: kesi mahakamani, hati za ardhi, matamko ya mali, wachangiaji wa kampeni, hotuba. Mhusika hana habari. Wanaobaki huombwa ridhaa, kisha hupewa dodoso lenye maswali kwa makumi, mengine ya kuaibisha kwa makusudi: kodi ya mtumishi wa ndani imelipwa? Umewahi kutibiwa maradhi ya akili? Mwenzi wako ana ubia na nani? Wanatakiwa waambatishe marejesho ya kodi ya miaka kadhaa na taarifa za afya. Baadaye wakili huketi na kila mmoja kwa saa kadhaa, na mwisho kabisa mgombea urais mwenyewe huzungumza naye.

Kwa mbunge kazi ni nzito kuliko kwa gavana. Mwaka 2007 pekee Baraza la Wawakilishi lilipiga kura za majina (ambazo kila mbunge huandikwa alivyopiga) zaidi ya 1,100. Zidisha kwa miaka 17 ya Edwards. Nyingi ya kura hizo ni za miswada iliyofungwa pamoja: mbunge anakubali bajeti ya mabweni ya wanajeshi, na ndani yake kuna kipengele ambacho tangazo la sekunde 30 litakigeuza kuwa kashfa. Tena Edwards aliongoza kamati ndogo ya matumizi inayoshughulikia ujenzi wa kijeshi na huduma za maveterani. Tangu 2007 kanuni za Baraza zinataka kila fungu lililoombwa na mbunge kwa ajili ya mradi wa kwao liandikwe kwa jina lake. Mpekuzi hana budi kuyapitia mafungu hayo moja moja na kuuliza nani alinufaika, na kama mnufaika huyo alichangia kampeni. Picha nazo zipo: vikao vya Baraza hurushwa kwenye televisheni tangu 1979, na vya Seneti tangu 1986.

Hatua hizi zikirukwa, tunajua kinachotokea. Julai 1972, Miami Beach, George McGovern, mgombea urais wa Wademokrati, alikuwa amekataliwa na wakubwa kadhaa wa chama, akiwemo Edward Kennedy, na muda wa kuwasilisha jina ulikuwa unakatika. Akampigia simu Thomas Eagleton, seneta wa Missouri ambaye nje ya jimbo lake wachache walimjua. Msaidizi wa McGovern alimuuliza Eagleton kama kuna lolote la kuficha, akajibu hakuna. Ndani ya wiki mbili nchi nzima ilijua kwamba alilazwa hospitali mara tatu kati ya 1960 na 1966 kwa ugonjwa wa sonona, na mara mbili alitibiwa kwa umeme. McGovern alisema hadharani anamuunga mkono asilimia 1,000. Siku chache baadaye, tarehe 31 Julai, Eagleton akajiondoa. Kilichomgharimu McGovern zaidi ni kule kusema asilimia 1,000 kisha kurudi nyuma. Maradhi pekee huenda yangesahaulika.

Ferraro, mbunge wa Queens, New York, aliyeteuliwa na Walter Mondale, mgombea urais wa Wademokrati, Julai 1984, alikwama kwenye fedha za mume. Katika matamko yake ya Bungeni alikuwa amedai msamaha wa kutotaja mali za mumewe, mfanyabiashara wa majengo. Kwa mbunge mmoja kati ya 435, hakuna aliyejali. Kwa mgombea mwenza likawa jambo la Agosti nzima. Tarehe 21 mwezi huo alisimama mbele ya waandishi na kujibu maswali hadi yakaisha, na alifanya vizuri. Mwezi mzima wa kampeni ulikuwa umeshaliwa.

Dhana: Mwenza dhaifu huangusha tiketi nzima

Dan Quayle, seneta wa Indiana mwenye miaka 41 na mwenza wa George Bush baba, alichekwa tangu siku ya kwanza mwaka 1988, kwanza kwa namna alivyoingia kwenye Kikosi cha Ulinzi cha jimbo lake wakati wa vita vya Vietnam, kisha kwenye mdahalo wa Omaha, Lloyd Bentsen, seneta wa Texas na mwenza wa upande wa Wademokrati, alipomwambia usoni kuwa yeye si Jack Kennedy (Rais John F. Kennedy). George Bush akashinda majimbo 40. Wapiga kura wa Marekani humchagua rais. Mwenza mbaya hula siku za kampeni na kuibua swali juu ya busara ya aliyemteua, na hasara hiyo huuma pale tu mbio zinapobanana.

Dhana: Sheria inalazimisha wawili hao watoke sehemu tofauti za nchi

Hii ni ya Tanzania. Katiba ya Muungano inataka rais akitoka upande mmoja wa Muungano, makamu atoke upande wa pili. Ndiyo maana mwaka 2015 mwenza wa John Magufuli alitoka Zanzibar, naye ni Samia Suluhu Hassan, mbunge wa Makunduchi.

Katiba ya Marekani haina sharti hilo. Marekebisho ya 12, ya mwaka 1804, yanasema tu kwamba wajumbe wa jimbo fulani hawawezi kuwapigia rais na makamu ambao wote wawili ni wakazi wa jimbo lao. Wawili kutoka Texas wanaruhusiwa kugombea. Watakachokosa ni kura za wajumbe wa Texas kwa mmoja wao. Mwaka 2000, George W. Bush akiwa gavana wa Texas na Dick Cheney akiishi Dallas, Cheney alihamisha usajili wake wa mpiga kura kwenda Wyoming mwezi Julai, na tatizo likaisha. Sifa nyingine ni zilezile za rais: raia wa kuzaliwa, umri wa miaka 35, ukaazi wa miaka 14.

Dhana: Mbunge akikubali uteuzi, kiti chake kimekwenda

Inategemea jimbo. Texas ilitunga sheria mwaka 1959 iliyomruhusu Lyndon Johnson kugombea Seneti na tiketi ya taifa siku moja, na Bentsen akaitumia mwaka 1988: alishindwa umakamu, akarudi Seneti. Ryan alifanya hivyo Wisconsin. Sheria ya Kentucky, kwa upande wake, haikubali jina moja kuonekana mara mbili kwenye karatasi ya kura. Ferraro hakugombea tena kiti chake cha Queens, na aliposhindwa umakamu akabaki bila kiti.

Akishinda vyote viwili, lazima aachie ubunge, kwa kuwa Katiba haimruhusu mtu kushika ofisi ya serikali kuu akiwa mbunge. Hapo ndipo chama hupiga hesabu kwa kalamu ya ncha kali. Kiti cha Seneti majimbo mengi humwachia gavana ateue mtu wa kushikilia: J. D. Vance alipoondoka Seneti kuwa makamu mwaka 2025, gavana wa Ohio, wa chama kilekile, alimteua Jon Husted. Kiti cha Baraza la Wawakilishi hujazwa kwa uchaguzi tu. Sasa angalia cha Edwards: mwaka 2004 wapiga kura wa eneo hilo, ambalo lina shamba la Rais George W. Bush pale Crawford, walimpa Bush karibu asilimia 70 na siku hiyohiyo wakamrudisha Edwards kwa ushindi mwembamba. Kilikuwa kiti cha mtu, si cha chama. Kumtoa pale kungekuwa sawa na kuwakabidhi Warepublican kiti hicho. Mwaka 2010 walikichukua wenyewe, kwa zaidi ya pointi 20.

Dhana: Kutajwa kwenye orodha ni dalili ya kukaribia

Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi zaidi jina huvujishwa ili kulifurahisha kundi fulani, au kupima maneno yatakayotokea, au kuwatoa waandishi kwenye jina lenyewe. Spika akimsifia mbunge wake hapotezi kitu: hata mbunge huyo asipoteuliwa, anarudi nyumbani na vichwa vya habari vizuri kabla ya uchaguzi wake mgumu. Dalili ya maana ni ridhaa ya upekuzi na maombi ya marejesho ya kodi, na hayo wanaoyafanya kwa dhati huwa hawayazungumzi.

Dhana: Akishapitishwa na mkutano mkuu, hatoki tena

Wajumbe wa mkutano mkuu ndio humteua rasmi. Tangazo la mgombea urais ni pendekezo, ingawa halikataliwi siku hizi. Nafasi ikiwa wazi baadaye, kamati ya taifa ya chama hujaza. Kamati ya Wademokrati ilikutana Washington tarehe 8 Agosti 1972 na kumpitisha Sargent Shriver badala ya Eagleton. Kadiri siku zinavyosogea ndivyo inavyokuwa vigumu, kwa sababu kila jimbo lina tarehe yake ya mwisho ya kupokea majina ya karatasi za kura.

Hata siku ya kupiga kura si ukuta wa mwisho, maana wanaochagua kisheria ni wajumbe wa uchaguzi, na wao hukutana wiki kadhaa baadaye. James Sherman, makamu wa William Howard Taft na mbunge wa zamani wa New York, alifariki tarehe 30 Oktoba 1912, siku sita kabla ya uchaguzi. Watu walimpigia kura marehemu kwa kuwa karatasi zilikuwa zimeshachapwa. Tiketi ilipata wajumbe 8 tu, na wajumbe hao wakampa kura zao za umakamu Nicholas Murray Butler, rais wa Chuo Kikuu cha Columbia.