Mama nani?

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliwekwa mezani kuandikisha wagonjwa. Akaja mama wa makamo, kitenge cha kijani, mkoba mapajani, harufu ya dagaa wa mwaloni Kirumba bado iko mikononi. Nikamuuliza kama tunavyoulizana wote hapa Mwanza: "Mama nani?" Akatazama mlango. Nikadhani hajasikia, nikarudia kwa sauti, benchi zima likageuka. "Andika jina langu tu," akasema, akalitaja taratibu kama mtu anayekiri deni.

Mimi ni mshauri nasaha, na miaka hii nakaa zaidi na wenzi wanaotafuta mtoto. Semina nimehudhuria nyingi, lakini somo nalolikumbuka ni lile la mezani.

Kwetu mtu akishazaa, jina alilopewa na wazazi wake linawekwa kabatini. Anakuwa Mama Kulwa, Baba Shija, basi. Ni heshima, na mimi mwenyewe naipenda. Ila heshima hii ni kama viti vya ukumbini: wenzako wakishakaa wote, wewe uliyesimama unaonekana mpaka na waliokuja kuleta soda. Kwenye kikoba, kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, kwenye daftari la madeni la muuza duka, ni Mama Fulani, Mama Fulani, Mama Fulani, halafu "yule dada wa geti la bluu". Dada mwenyewe ana miaka 41.

Watu huniuliza kwa nini jambo dogo hivyo limuumize mtu mzima. Mwaka 1995 mwanasaikolojia wa Marekani, Mark Leary, na wenzake walieleza kwamba kujithamini ni kama kipimo kilichomo ndani yetu, kinachosoma jinsi wengine wanavyotukubali au kutuweka kando. Mimi huwaambia wateja wangu ni mshale wa mafuta kwenye gari. Ndiyo maana yale maneno ya "jipende mwenyewe, achana na watu" hayanipendezi hata kidogo. Huwezi kumwambia dereva mshale uko chini lakini asiutazame.

Halafu kuna msiba usio na matanga. Mimba ikitoka wiki ya tisa, hakuna turubai, hakuna anayechangisha rambirambi, hakuna jirani anayekuja kulala sebuleni. Kesho yake mwanamke yuko sokoni anapima kisado. Kenneth Doka, Mmarekani mwingine, mwaka 1989 aliandika juu ya huzuni ambayo jamii haiipi ruhusa ya kulia. Kwa anayesubiri mtoto, huzuni hiyo inaweza kurudi kila mwezi, kwa tarehe.

Burudani zetu nazo hazimsaidii. Kwenye tamthilia mke asiyezaa ana nafasi mbili: ama ndiye anayekwenda kwa mganga kumroga mke mdogo, ama anateseka vipindi arobaini kisha anajifungua mapacha kipindi cha mwisho. Sijaona bado yule anayefika mwisho bila mtoto na bado ana maisha, ana marafiki, anacheka. Tangazo la mafuta ya kupikia lazima liwe na watoto wawili mezani. Siku ya Mama inafika, kanisani kina mama wanaombwa wasimame wapewe zawadi. Mteja wangu mmoja Jumapili hiyo husafiri kwenda Sengerema, ana shughuli ya ghafla kila mwaka.

Upande wa hospitali nitaupitia haraka. Tunaanza kuzungumzia ugumba baada ya miezi 12 ya kujaribu bila kinga. Mwanamke akiwa na miaka 35 au zaidi, asingoje zaidi ya sita. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023, mtu mmoja kati ya sita hivi hulipitia jambo hili wakati fulani maishani. Kwa karibu nusu ya wenzi, tatizo liko kwa mwanamume, au liko kwake pia.

Huku kwetu liko na lingine lisilosemwa sana: kichocho, ugonjwa wa minyoo inayompata mtu majini. Kile cha ufukweni mwa ziwa hushambulia zaidi utumbo na ini. Kile cha madimbwi na majaruba ya mpunga, upande wa Kwimba na Misungwi, huingia njia ya mkojo, na mayai yake yanaweza kukwama kwenye viungo vya uzazi vya mwanamke, yakaleta vidonda na hata kuharibu mirija. Dalili zake hufanana na za magonjwa ya zinaa. Kwa hiyo binti aliyeteka maji dimbwini utotoni anatibiwa kisonono asichonacho, mumewe anamtazama kwa jicho la pembeni, na wifi anamaliza kazi.

Nami nimeshakosea tena, baada ya lile la mezani. Nilimwambia mteja kwamba Kiswahili hakijamtupa: mtoto wa dada yake anamwita mama mdogo, na mama ni mama. Nikaongeza mfano wa Bibi Aisha, mke wa Mtume, ambaye hakuzaa na bado aliitwa Umm Abdillah, kwa jina la mtoto wa dada yake. Mfano mzuri, nilijisifu moyoni. Akanijibu: "Dada, mimi sijaja kuazimwa mtoto." Hakuwa amekataa mfano. Alikuwa hajamaliza kulia, nami nimeshaanza kukunja mkeka. Miezi mingi baadaye mfano huo aliurudisha mwenyewe, akauliza huyo Abdallah alikuwa mtoto wa nani hasa.

Siku hizi kwenye fomu yangu mstari wa kwanza unasema "Unapenda uitweje?" Wiki iliyopita wamekuja mume na mke, vitu kadhaa nimevibadilisha wasijulikane. Mume anatengeneza injini za mitumbwi. Mke amepimwa mara tatu, hata mirija ameshapigwa picha ya eksirei; mume hajawahi, ingawa kipimo cha mbegu ni kikombe tu na faragha ya dakika chache. Miaka minane alikuwa akimsindikiza mkewe na kungojea nje kwenye pikipiki.

Nikamsomea mstari ule. Akacheka, akajikuna shingo. "Mwaloni wananiita Fundi."

"Na nyumbani?"

Akamtazama mkewe. Mkewe akamjibia: "Nyumbani hana jina. Namwita 'wewe'."

Wakacheka wote wawili. Nikaandika Fundi, nikamsogezea kikombe.