Mwizi Akishageuza Mgongo

Tangu vijana wa mapanga waanze kusumbua Kisauni na Likoni hapa Mombasa, wanaofika ofisini kwetu huuliza swali moja: nikimuua aliyenivamia, nitafungwa?

Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinatambua haki ya kujikinga na kukinga mali, kwa misingi ya sheria ya mapokeo ya Uingereza. Hatari iwe ipo hapo hapo, na nguvu ulizotumia zilingane nayo. Aliyeinuliwa panga hatarajiwi kupima pigo lake kwa mizani. Korti huangalia pia uliamini nini kwa dhati wakati ule.

Lakini kuna wanaosema, "Kaingia kwangu usiku, damu yake halali." Hakuna sheria hiyo Kenya, na tumechoka kulirudia hili. Mtu ameiangusha runinga yako, ameacha ndara moja kibarazani, anaukwea ukuta akimbie. Ukimfuata ukamshushia rungu la kisogo, hapo umelipiza kisasi. Daktari anayepasua maiti ataandika jeraha liko nyuma, na mwendesha mashtaka ataanzia hapo. Ni vivyo hivyo kwa wanaomzingira mwizi sokoni Kongowea. Raia anaruhusiwa kumkamata, kisha amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Mawe na tairi havimo.

Ikitokea umeua ukijikinga, usioshe panga, usisogeze maiti. Ripoti kituo cha polisi kilicho karibu, chukua nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na kama umejeruhiwa omba fomu ya P3, ambayo daktari hujaza kuhusu majeraha. Huenda ukakamatwa, kukamatwa si kuhukumiwa. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata iwapo muda huo utaisha korti imefungwa. Shtaka la mauaji husikilizwa Mahakama Kuu. Adhabu chini ya kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu ni kifo, ingawa tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2017 jaji halazimiki kuitoa. Ikionekana ulijikinga kwa nguvu kupita kiasi, kosa laweza kushuka hadi kuua bila kukusudia, ambalo kifungo chake chaweza kufika maisha.

Ukishadai ulijikinga, ni upande wa mashtaka unaopaswa kuthibitisha kwamba sivyo. Zungumza na wakili kabla ya kuandikisha maelezo. Na jirani aliyesikia ukipiga ukemi aandikishe yake siku hiyo hiyo, kabla hajasafiri.