Elimu kwa Umma: Goti Lililosagika Linatibiwa kwa Mazoezi

Kuelekea Siku ya Fiziotherapia (tiba ya viungo) Duniani, 8 Septemba, sisi wa kliniki ya fiziotherapia tunawakumbusha wakazi wa Tanga wenye magoti yaliyosagika kuwa mazoezi ni tiba halisi. Bado tunapokea wagonjwa walioambiwa mitaani kwamba "mafuta ya goti yameisha", basi wasitembee. Tumeeleza mara nyingi kuwa hili si kweli! Gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya goti, halina mishipa ya damu. Lishe yake hutoka kwenye ute wa goti, kiungo kinapobanwa na kuachiwa. Anayekaa miezi bila kujongea, msuli wa mbele ya paja hunywea, goti likakosa mhimili na maumivu yakazidi.

Anza na kuinuka kitini. Tumia kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani. Vuta nyayo nyuma kidogo, inama mbele, simama bila kujisukuma kwa mikono, kisha keti taratibu ukihesabu hadi tatu. Fanya mara 10, pumzika, rudia hadi seti 3, siku 3 kwa wiki. Ukishindwa, ongeza mto kitini. Wengi hukosea kwa kuacha magoti yaingie ndani. Yaelekee kidole cha pili cha mguu.

Nguvu peke yake haizuii kuanguka. Kwa mizani ya mwili, simama kwa mguu mmoja sekunde 10 hadi 30 karibu na meza, halafu tembea kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Baiskeli, ambazo Tanga zimejaa, zinafaa sana, ila pandisha kiti hadi goti likunjike kidogo tu pedali ikiwa chini. Kiti kifupi huibana pia ya goti (kifupa cha mbele ya goti), sawa na kukaa sana kwenye kibao cha mbuzi.

Maumivu ya hadi 5 kati ya 10 (0 ni hakuna maumivu, 10 ni makali kupita yote) yanavumilika, mradi yatulie kufikia kesho yake. Yakizidi, punguza idadi, usiache. Nafuu huja baada ya wiki 6 hadi 8. Aliyeacha wiki ya pili hajajaribu.

Kliniki njoo na rufaa, kadi ya matibabu, kadi ya bima kwa aliye nayo, na picha ya eksirei kama ilishapigwa. Akina mama wavae suruali pana chini ya dera. Asiyefika bila taarifa, nafasi yake hupewa mwingine, naye hupangiwa tarehe upya na kupimwa tena tangu mwanzo.

Goti likiwa jekundu, la moto, likavimba ghafla pamoja na homa, au likishindwa kubeba uzito baada ya kuanguka, usifanye zoezi lolote. Nenda hospitali siku hiyohiyo.