Si Kila Lori la Zamani la Kiingereza ni Bedford

Juzi mpwa wangu kanitumia tena kipande cha tamthilia, sekunde nne tu. Mvua inanyesha, wanaume wamevaa kofia na makoti marefu, lori la bluu linakatiza mbele ya baa. Chini yake kaandika: "Shikamoo mjomba. Bedford hiyo, au siyo?" Marahaba, baba. Siyo. Na si wewe peke yako, maana kila wiki napokea swali hilohilo, na kila wiki jibu limeshaandikwa ndani ya swali.

Najua lilikotoka. Sisi tuliokulia gereji za Tanga, Bedford TJ ndiyo ilikuwa lori. Ilibeba mkonge, ilibeba mbao, ilibeba maharusi. Jina la kampuni likageuka jina la kitu chenyewe, na barabarani hilo halina shida. Lakini nimetumia miaka mingi huku Uingereza nikifufua malori ya zamani, na inaniuma mtu anapotazama mtaa mzima wa mwaka 1955 akaona kiwanda kimoja. AEC walikuwa Southall, Leyland walikuwa Lancashire, Albion Glasgow, Foden na ERF wote Sandbach, Dodge Kew, Scammell Watford. Ukiwaita wote Bedford umewafuta.

Kosa lenyewe ni kutazama sura. Watu wanadhani kichwa cha lori ni kama uso wa mtu, kila mmoja na wake. Sivyo. Viwanda vingi havikujisumbua kutengeneza kichwa, vilinunua. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Motor Panels ya Coventry ilitengeneza kichwa kimoja kikauzwa kwa Leyland, Albion na Dodge, na mpaka leo tunakiita LAD kwa herufi za kwanza za hao watatu. Mabati ni yaleyale, milango ni ileile. Kila mmoja aliweka grili yake na nembo yake, basi. Chini ya kichwa hicho unaweza kukuta Leyland Comet, au Albion Chieftain, au Dodge. Mwaka 1964 mambo yakajirudia kwa kichwa cha Ergomatic, kile kinacholala mbele ukitaka kufikia injini: Leyland Beaver inacho, AEC Mandator inacho. Hapo natafuta nembo ya pembetatu ya AEC. Matope yakiifunika, au mpiga picha akiikata, nabaki kukisia, na ninayesema hivi nimeshika mabati hayo kwa mikono yangu.

Austin ndiyo balaa zaidi. Malori yao yaliyotoka mwaka 1939 yalifanana na Bedford kiasi kwamba Waingereza wenyewe waliyabandika jina "Bedford ya Birmingham". Boneti ya mviringo, taa juu ya madigadi, kila kitu. Kwa hiyo mtu akiniambia "nimeijua kwa pua yake", namuuliza: pua ya nani? Mimi husubiri mpaka nione maandishi. Vitabu vina michoro safi ya kutofautisha hiki na kile, imechorwa mchana kweupe lori likiwa limesimama. Tamthilia inakupa ubavu mmoja, jioni, moshi wa makaa ya mawe umetanda.

Na hata pale lori linapokuwa Bedford kweli, bado mtu anakosea. Tamthilia za Vita vya Pili zimejaa Bedford RL za jeshi. RL ilianza kutengenezwa mwaka 1953, vita vimekwisha miaka minane. Lori la vita lilikuwa QL, iliyoanza 1941. QL ina uso wa mabati bapa yenye pembe. RL ina mabega ya mviringo, kwa sababu kichwa chake kilitokana na Bedford S ya mwaka 1950. Watayarishaji wanaitumia kwa kuwa RL zimebaki nyingi na bado zinawaka. Siwalaumu. Nawalaumu wanaobishana nami kwamba ni ya vita kwa sababu "iko kwenye filamu ya vita".

Namba za gari nitazipitia haraka. Herufi ya mwaka mwishoni mwa namba ilianza 1963, basi watu wanaisoma kama cheti cha kuzaliwa. Lakini malori mengi ya zamani yalipoteza namba zake za asili: nyingine ziliuzwa kwa wenye magari ya kifahari, nyingine zilipotea kumbukumbu zilipohamishiwa Swansea, kwenye ofisi ya taifa ya usajili wa magari, zoezi lililofungwa mwaka 1983. Lori likapewa namba nyingine. Isitoshe, siku ya kurekodi mtu anaweza kubandika namba yoyote juu ya ile halisi. Soma namba mwisho kabisa.

Sauti pia iacheni. Inatia uchungu, kwa sababu kuna injini moja ningeitambua usingizini: TS3 ya Commer, ya mwaka 1954. Silinda tatu, pistoni sita. Ndani ya kila silinda pistoni mbili zinatazamana na kusukumana, haina silinda hedi kabisa, na mngurumo wake unabweka kama mbwa aliyefungwa ndani ya pipa. Nimeona Commer ikipita kwenye tamthilia huku inaunguruma kidizeli cha kawaida, kwa sababu sauti iliwekwa baadaye studio. Siku hiyo nilizima televisheni nikatoka nje.

Kinachosaidia ni vitu vidogo ambavyo hakuna aliyevipamba. Bedford TK, kwa mfano: injini iko nyuma ya kiti, na ili uifikie unafungua kipande cha bati ubavuni, nyuma ya mlango. Dereva wa tamthilia akishuka akafungua pale, umepata jibu. Au tazama nyuma ya bodi: malori mazito yalibandikwa namba 20, mwendo wa juu wa maili ishirini kwa saa, mpaka 1957 ulipopandishwa hadi thelathini. Wenye malori wanapenda kuiacha namba hiyo. Indiketa za rangi ya chungwa mara nyingi zimeongezwa juzi kwa usalama. Niliwahi kupeleka lori la mteja kwenye kurekodi, wakanipa utepe mweusi nizifunike. Kulipopambazuka umande ukaubandua upande mmoja, na kwenye tamthilia kipande kile kinaning'inia kwa yeyote mwenye jicho.

Jambo moja silimalizi. Malori mengi yaliyofufuliwa yana chesisi ya moja, kichwa cha jingine, difu ya la tatu. Nembo mbele inasema Albion. Je, ni Albion? Mwenye nalo atakwambia ndiyo, na mimi nimeshawahi kusema ndiyo kwenye makaratasi, nikarudi nyumbani nikiwaza.

Sasa, mpwa wangu, lori lako la bluu. Nimesimamisha picha mara kumi na mbili. Tazama mlango: haupo ubavuni, umekaa kwenye kona ya nyuma ya kichwa, umekatwa mshazari ili dereva ashuke kwenye uchochoro bila mlango kutokeza nje. Kona hizo ndizo zilizokipa kichwa jina la ile sarafu ya Kiingereza ya peni tatu yenye pande kumi na mbili. Hiyo ni FG ya BMC, kampuni iliyowaunganisha Austin na Morris, na imetoka mwaka 1960, wakati tamthilia yako inasema ni 1957. Austin au Morris? Zilitoka kwa majina yote mawili, na baadaye hata Leyland. Nembo imezibwa na mgongo wa yule mwenye mwavuli. Kama sehemu inayofuata wanalionyesha likigeuza, nitumie.