Beryl Markham hakuwa wa kwanza, wala hakuishiwa mafuta

Bado inasimuliwa kwamba Beryl Markham, rubani aliyekulia Kenya, ndiye mtu wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi, na kwamba alianguka kwa kuishiwa mafuta. Sivyo. Rubani Jim Mollison alishavuka upande huo peke yake Agosti 1932, kutoka Ireland hadi Kanada, kwa ndege ndogo aina ya Puss Moth yenye injini moja. Sifa ya Markham, nayo si ndogo hata kidogo, ni kuwa mwanamke wa kwanza kufanya hivyo akitokea Uingereza, Septemba 1936.

Ndege ya Markham ilikuwa Vega Gull ya kampuni ya Percival, yenye usajili wa Kenya, VP-KCC: ya mbao iliyovikwa kitambaa, viti vinne, injini ya takriban nguvu za farasi 200. Ndani ilijazwa matangi ya ziada. Upepo wa mbele ulimkabili takriban saa 20. Mafuta yalikuwepo, kinachotajwa kuwa chanzo cha kuanguka ni barafu kuziba vipumulio vya tangi, yaani matundu ya kuingizia hewa. Hewa isipoingia, mafuta hayashuki, injini inazima. Akatua kwenye kinamasi huko Baleine, Nova Scotia, Kanada, pua ya ndege ikazama matopeni.